Ukuta Unaopumua: Uchambuzi wa Kisa cha Kutuliza Video Iliyopigwa kwa Mkono

## Usuli

Chuo kimoja cha ufundi kilitaka filamu fupi ya kufundishia. Mwalimu wake wa mashine za kukereza chuma alikuwa anakaribia kustaafu, na karakana aliyofundishia miaka mingi ilikuwa imekwisha kupangiwa kuvunjwa. Kazi walipewa watu wawili: mpiga picha aliyezoea mahojiano na mhariri aliyefanya kazi peke yake kwenye kompyuta yake. Majina, mahali na aina ya kamera nimeviondoa. Yaliyobaki ni kama walivyonieleza wote wawili, na klipu zenyewe nimezitazama.

Mpango wa awali ulikuwa kutumia gimbali, ile mikono yenye mota inayoshika kamera isiyumbe. Mota moja ilikufa mapema siku ya kwanza. Tripodi ilikuwepo, lakini njia kati ya mashine zilikuwa nyembamba na mwalimu hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja: alieleza huku anatembea, akagusa mashine hii, akarudi kwenye ile. Mpiga picha akaona ni afadhali amfuate na kamera mkononi kuliko kumfunga mwalimu mbele ya tripodi na kupoteza ufundishaji wake. Akamwambia mhariri kwa simu, "Tutatuliza kwenye kompyuta." Uamuzi wa kumfuata mwalimu ulikuwa sahihi. Matatizo yalitoka kwenye sentensi hiyo aliyoisema kwa simu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza ni nini hasa kompyuta inaweza kutuliza.

Vipimo vina maana katika kisa hiki, kwa hiyo navitaja. Kamera ilirekodi picha za 3840×2160, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kihisi hupokea mwanga kwa kila fremu) ikiwa 1/50 ya sekunde. Kihisi chake kilikuwa cha upana wa milimita 36. Lenzi zilikuwa mbili, ya milimita 24 na ya milimita 100, na hakuna iliyokuwa na kitulizi ndani yake. Kamera haikuandika kumbukumbu za jairoskopu, kifaa kinachopima kugeuka kwa kamera. Filamu ya mwisho ilitakiwa iwe 1920×1080. Msaidizi mmoja alipiga pia klipu chache kwa simu. Mhariri alipokuja kuona ukubwa wa tatizo, mashine zilikuwa zimeshang'olewa. Kurudia kupiga hakukuwezekana.

## Kilichotokea

Mhariri alifanya kile ambacho wengi hufanya. Aliziweka klipu zote kwenye mradi mmoja wa Premiere Pro, programu ya kuhariri video, uliopangwa kwa 1920×1080, akazichagua kwa pamoja, akatia Warp Stabilizer, kitulizi cha picha kilichomo ndani yake, na kuiacha ichakate usiku kucha. Mipangilio aliiacha kama ilivyokuja: ulaini 50%, mbinu ya kupinda picha sehemu kwa sehemu, kingo zikatwe na picha ikuzwe yenyewe ijaze skrini.

Kabla ya hapo programu ilimpa onyo kwamba klipu lazima iwe na vipimo sawa na vya mfuatano (ule mstari wa kuhariria ambamo klipu hupangwa) inamowekwa. Dawa iliyopendekezwa na onyo lenyewe ni kuifunga klipu ndani ya mfuatano mwingine, naye akafanya hivyo kwa zote. Mfuatano huo wa ndani ulirithi vipimo vya ule wa nje. Picha yenye pikseli karibu milioni 8.3 ikashushwa hadi milioni 2.07, yaani robo yake, *kisha* utulizaji ukaanza. Nafasi ya ziada, ambayo ndiyo faida kubwa ya kupiga kwa 4K (3840×2160) kazi ya HD (1920×1080), ilitupwa mlangoni. Kila kingo kilichokatwa baada ya hapo kilifidiwa kwa kukuza pikseli ambazo tayari zilikuwa haba.

Rasimu ya kwanza ikaenda kwa mteja. Jibu lilikuwa fupi: "Mbona ukuta unapumua?"

Ulikuwa unapumua kweli. Kwenye mahojiano, kila mwalimu alipoinua mkono ukuta wa nyuma ulijivuta na kurudi. Kwenye klipu za kutembea mtikiso ulipungua, lakini picha ilikuwa imekuzwa mno hata kichwa cha mwalimu kikagusa ukingo wa juu, na kila hatua ukungu ulipita kwenye picha na kutoweka. Klipu za karibu za mikono ndizo zilizokuwa mbaya kupita zote: mkono umetulia katikati ya skrini, mashine nzima inayumba nyuma yake.

Mhariri akapandisha ulaini hadi 100%. Kingo zikakatwa zaidi, picha ikakuzwa zaidi, ukuta ukaendelea kupumua. Akajaribu chaguo la kuondoa mwendo wote, lile linaloiga tripodi. Kwenye mahojiano mwalimu akaanza kuteleza kushoto na kulia mbele ya mandhari iliyosimama kwa kujilazimisha. Hapo akamwita mpiga picha waketi pamoja, na hatua hiyo ndiyo iliyoiokoa kazi. Mhariri alijua programu lakini hakujua kamera ilikuwa wapi wakati kila klipu inapigwa. Mpiga picha alijua.

## Mtikiso una sura nyingi

Waliondoa utulizaji wote, wakazitazama klipu zikiwa ghafi na bila sauti: mara moja kwa kasi ya kawaida, mara ya pili fremu kwa fremu. Ile ya pili ndiyo inayofichua mambo. Ukisimamisha video kwenye fremu moja na fremu hiyo ni kali, tatizo ni kwamba fremu nzuri zimewekwa mahali pabaya, na programu inaweza kuzihamisha. Ukiisimamisha na fremu yenyewe ina ukungu wa mwendo, tatizo limo ndani ya fremu. Kamera ilisogea shata ikiwa wazi, na hakuna kiasi cha kuhamisha kitakachofuta mfuto huo.

Inafaa kusema hapa kazi ya programu hizi, maana ukishaijua mengi yanajieleza. Kwanza hutafuta alama kwenye picha, pembe na mabaka yenye tofauti ya mwanga, na kuzifuatilia kutoka fremu moja hadi nyingine. Kutokana na alama hizo hukisia kamera ilivyosogea. Pili huchora njia mpya iliyo laini zaidi ya ile halisi. Tatu huisogeza, kuizungusha au kuipinda kila fremu iende kwenye njia mpya. Fremu ikisogezwa, ukingo wa upande mmoja hubaki mtupu, ndipo haja ya kukata na kukuza inapokuja.

Kila hatua ina namna yake ya kukwama. Alama zikikaa juu ya mtu badala ya mandhari, programu huamini mtu ndiye dunia na dunia ndiyo inayotikisika. Njia ikilainishwa kupita kiasi huachana mno na njia halisi, na kingo tupu huwa pana. Na pale kamera iliposogea mahali, wala si kugeuka tu, vitu vya karibu na vya mbali hupishana kwa kasi tofauti. Kusogeza fremu nzima kama karatasi hakuwezi kuvipatanisha vyote viwili.

Tatizo hili la mwisho ndilo lililozaa mbinu za kupinda. Mwaka 2009 Feng Liu, Michael Gleicher, Hailin Jin na Aseem Agarwala walionyesha namna ya kupinda picha sehemu kwa sehemu huku umbo la vitu likilindwa, na mwaka 2011, pamoja na Jue Wang, wakatoa njia nyepesi zaidi ya kufanya hivyo kutokana na nyayo za alama. Warp Stabilizer ilitoka mwaka huohuo ndani ya After Effects CS5.5, programu ya kutengeneza athari za video. Ni chombo chenye nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyoupindisha ukuta wa mahojiano ambao haukuhitaji kupindwa hata kidogo.

## Maamuzi

### Mahojiano

Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi moja na hauna kitu, ila ubao wa matangazo pembeni na sehemu ya mashine. Mwalimu alivaa shati la miraba. Kwa programu inayotafuta pembe na mabaka, shati la miraba ni karamu na ukuta mtupu ni jangwa. Alama nyingi zilikaa kifuani mwake, na ukuta ukaburutwa kufuata shati.

Walihamishia klipu hizi After Effects, ambako alama za ufuatiliaji zinaweza kuonyeshwa na zile zisizotakiwa kufutwa. Alama zote za mwilini zikafutwa, zikabaki za ubao na mashine. Mbinu ya kupinda ikaachwa, ikachaguliwa ile ya mahali, ukubwa na mzunguko peke yake. Mpiga picha alikuwa amesimama pale pale bila kusogea mahojiano yote, kwa hiyo upishano wa karibu na mbali ulikuwa mdogo na hapakuwa na sababu ya kupinda. Habari hiyo haionekani popote kwenye programu. Ilitoka mdomoni mwa aliyeshika kamera.

Ulaini ulishushwa hadi karibu 10%. Mhariri alipinga mwanzoni, kwa kuwa namba ndogo ilionekana kama kazi nusu. Lakini mahojiano ya mkononi yakibaki na pumzi kidogo ya mpiga picha, mtazamaji hayashangai. Yakifanywa yasimame kama jiwe huku mwanga na vivuli vikionyesha kwamba kamera ilikuwa hai, jicho huhisi kuna kitu kimechezewa. Mimi naafikiana na mpiga picha katika hili, na naona watu wengi hupotelea hapa: hulenga utulivu wa tripodi kwa picha ambayo haikuzaliwa kwenye tripodi.

Kazi nyingine ya mwaka 2011, ya Matthias Grundmann, Vivek Kwatra na Irfan Essa, inaeleza wazo linalokaribiana na hili kwa hesabu. Njia mpya ya kamera hujengwa kwa vipande vya aina tatu: kusimama, kwenda kwa kasi isiyobadilika, na kuongeza au kupunguza kasi kwa kiasi kilekile. Hivyo ndivyo kamera ya kitaalamu inavyokwenda, ikiwa kwenye tripodi au kwenye kigari cha reli. Mwendo unaruhusiwa, sharti uwe wa makusudi.

### Kumfuata mwalimu

Klipu za kutembea zilichukua sehemu kubwa ya kazi, na hapa ndipo hesabu kidogo ilipolipa kuliko kubahatisha kwa vitelezi.

Mtu anayetembea kawaida hupiga hatua karibu mbili kwa sekunde. Kamera mkononi mwake hupanda na kushuka mara moja kwa kila hatua, na huyumba kushoto na kulia mara moja kwa kila hatua mbili. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kupanda na kushuka kunachukua fremu 12 au 13, na kuyumba kizima kunachukua fremu 25.

Kwa klipu hizi walitumia FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, pamoja na vid.stab ya Georg Martius, nyongeza ya kutuliza picha. Ni ya bure, haina shida na vipimo vya mfuatano, na kila namba iko wazi. Thamani ya kawaida ya ulainishaji ndani yake ni 10, na programu huizidisha kwa mbili na kuongeza moja: dirisha la fremu 21 ambazo mwendo wake hulainishwa kwa pamoja. Dirisha hilo ni fupi kuliko mwyumbo mmoja wa kushoto na kulia. Linazima mdundo wa hatua na kuuacha mwyumbo mrefu, na jaribio lao la kwanza lilionyesha hivyohivyo: picha ilitulia wima huku ikiendelea kuelea pembeni kama chombo majini. Walipoweka 25, dirisha likawa fremu 51, sekunde mbili hivi, miyumbo miwili mizima. Matokeo yakabadilika kabisa. Uchujaji wa kawaida wa vid.stab huzipa fremu za katikati ya dirisha uzito mkubwa kuliko za pembeni, ndiyo maana dirisha lenye urefu wa mwyumbo mmoja tu lisingetosha.

Amri zilikuwa mbili, ya kuchunguza na ya kurekebisha:

```
ffmpeg -i tembea.mp4 -vf vidstabdetect=shakiness=7:accuracy=15:result=tembea.trf -f null -
ffmpeg -i tembea.mp4 -vf vidstabtransform=input=tembea.trf:smoothing=25:interpol=bicubic,scale=1920:1080,unsharp=5:5:0.8:3:3:0.4 -c:a copy tembea_tulivu.mp4
```

Mpangilio wa amri ya pili una maana. Utulizaji unafanyika kwenye picha kamili ya 3840×2160, ndipo kushusha hadi 1920×1080 kunapofuata. Hata asilimia 20 ya upana ikikatwa hubaki pikseli 3072, nyingi kuliko 1920 zinazohitajika, kwa hiyo mtazamaji haoni upungufu wowote wa ukali. Kinoleo kidogo mwishoni kinafidia ulaini unaoletwa na kuzichanganya upya pikseli kila fremu inapozungushwa.

Walijaribu pia 60. Sehemu zilizonyooka zilipendeza kuliko zote, lakini kila mwalimu alipokata kona njia laini ilichelewa kugeuka na fremu ikasogezwa mbali mno hata ukingo mweusi ukaingia. Ukuzaji wa kawaida wa vid.stab ni mmoja kwa klipu nzima, na huamuliwa kwa ukubwa wa misukosuko iliyomo. Klipu ndefu yenye kona kali na mshtuko mmoja mkubwa hulipa gharama ya hayo mawili hata katika sekunde zake tulivu. Wakaikata kila klipu kwenye kona na kwenye mishtuko *kabla* ya uchunguzi, wakatuliza vipande vilivyonyooka peke yake. Mahali pa kona wakaweka picha nyingine: mashine, mikono, uso wa mwanafunzi anayesikiliza. Chuo kiliona ni uhariri wa kupendeza. Kwa kweli ulikuwa uhandisi.

Ukungu wa hatua ulibaki. Kila mguu ulipogusa sakafu fremu mbili tatu zilikuwa zimefutika, na picha ilipotulia mfuto huo ulionekana zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa hakukuwa na mtikiso wa kuueleza. Hili huwashangaza wengi: klipu iliyotulizwa inaweza kuonekana na ukungu mwingi kuliko ghafi yake ingawa fremu ni zilezile. Walichofanya ni kukubali mtikiso kidogo urudi, wakashusha ulainishaji hadi 20 kwenye klipu zenye ukungu mwingi, ili mfuto uwe na mwendo unaofanana nao. Dirisha la fremu 41 bado linazidi mwyumbo mmoja kwa mbali.

### Mikono na mikromita

Mtikiso uleule wa mkono hukua kwa urefu wa lenzi. Kwa kihisi cha milimita 36 na picha yenye pikseli 3840, kamera ikigeuka nyuzi moja picha husogea karibu pikseli 45 kwa lenzi ya milimita 24, na karibu pikseli 186 kwa lenzi ya milimita 100. Klipu za karibu zote zilipigwa kwa lenzi ndefu, kwa shata ileile ya 1/50, katika karakana yenye mwanga hafifu. Zikisimamishwa, fremu nyingi zilikuwa na mfuto.

Muhimu kuliko zote ilikuwa ile ambayo mwalimu anasoma mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, na kueleza mistari ya kipimo. Bila kuiona mistari, somo halipo. Mhariri alijaribu kuitoa mifuto kwa programu ya kunoa picha, nayo ikaweka mistari ya uongo pembeni ya mistari ya kweli. Katika filamu ya kawaida hilo lingeweza kupita. Katika somo la kusoma kipimo haliwezi, kwa kuwa mwanafunzi angehesabu mistari isiyokuwepo. Likakataliwa papo hapo, na naona ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki.

Badala yake walipita fremu kwa fremu wakitafuta zilizo kali. Kati ya mitetemo ya mkono huwa kuna nukta ya kusimama pale mwendo unapogeuka upande, na fremu inayoangukia hapo hutoka safi. Fremu moja ya aina hiyo ilisimamishwa skrini nzima huku sauti ya mwalimu ikiendelea. Klipu nyingine za mikono zilikatwa fupi kwenye sekunde zilizo tulivu zenyewe, bila programu.

### Simu, na kamera iliyoegemezwa

Klipu za simu hazikutulizwa tena. Simu ilikuwa imekwisha kutuliza wakati wa kurekodi, na mipindo yake ilikuwa imeokwa ndani ya picha. Programu ya pili ingejaribu kuifuata mipindo hiyo kana kwamba ni mwendo wa kamera. Zilibadilishwa tu kuwa na idadi ya fremu isiyopandashuka, maana simu hurekodi kwa kasi inayobadilikabadilika na sauti ilikuwa inaachana na midomo.

Klipu moja iliachwa kabisa. Mpiga picha alitafuta utulivu kwa kuegemeza kamera kwenye mwili wa mashine inayozunguka. Kihisi cha kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na mtetemo wa haraka wa mota uliikuta kila mistari michache mahali tofauti, hata mistari iliyonyooka ikawa mawimbi. Warp Stabilizer ina chaguo la kupunguza mawimbi ya namna hii, na ilipunguza, lakini mtetemo wa mota ulikuwa wa haraka mno, hivyo chaguo hilo halikuyaondoa yote. Mkono mtupu ungekuwa bora kuliko egemeo hilo. Sauti ya klipu ilitumika, picha haikutumika.

## Matokeo

Chuo kilikubali rasimu iliyofuata kwa masahihisho madogo ya maandishi. Malalamiko ya ukuta hayakurudi. Ombi moja halikutimizwa: mkuu wa idara alitaka matembezi ya mwanzo, kutoka mlangoni hadi mashine ya mwisho, yaonekane bila kukatwa. Yaliwezekana kwa kingo nyeusi au kwa ukuzaji uliomkata mwalimu miguu na kichwa, na alipoonyeshwa vyote viwili aliacha mwenyewe.

Fremu ya mikromita iliyosimamishwa ndiyo sehemu walimu wengine waliyoiomba kando ili waitumie darasani kama picha.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kugawa klipu kwa chanzo cha mtikiso ndiko kulikozaa maamuzi yote yaliyofuata. Mara ya kwanza swali lilikuwa "programu gani, na namba ngapi?" Mara ya pili likawa "kamera ilikuwa inafanya nini hapa?" Majibu ya swali la pili yalileta programu tofauti, mbinu tofauti, na kwa klipu kadhaa yakaleta kutogusa kabisa. Nikizitazama klipu kabla na baada, ninaona wazi kwamba faida kubwa ilitokana na kupunguza utulizaji pale usipohitajika. FFmpeg iliwasaidia si kwa kuwa inashinda Warp Stabilizer, bali kwa kuwa ililazimisha kila namba iandikwe na ijadiliwe.

Kushindwa kwa rasimu ya kwanza kuna mizizi miwili. Ule wa kiufundi ni kushusha vipimo kabla ya kutuliza, kosa ambalo programu yenyewe inamsukuma mtu alitende, kwa kuwa onyo lake linataja dawa bila kutaja gharama. Angeweza kutengeneza mfuatano wa 3840×2160, akatulizia humo, kisha akauingiza mfuatano huo kwenye wa HD. Mzizi wa pili ni mawasiliano. Mpiga picha aliahidi kazi kwa niaba ya programu asiyoitumia, na mhariri hakumuuliza chochote kuhusu shata, lenzi wala alipokuwa amesimama.

Data za jairoskopu zingebadilisha sehemu ya hadithi. Programu kama Gyroflow hutumia rekodi ya mzunguko wa kamera na haihitaji kuangalia picha ili kukisia mwendo, kwa hiyo shati la miraba na ukuta mtupu visingeidanganya. Hata hivyo jairoskopu hupima kugeuka, haipimi kuhama mahali. Kule kupanda na kushuka kwa mwili kwenye hatua kungebaki kwa sehemu, hasa kwa vitu vya karibu. Na mfuto ndani ya fremu ungebaki wote.

Jambo ambalo wawili hao hawajakubaliana hadi leo ni shata. Mhariri anataka kila kitu kitakachotulizwa kipigwe kwa 1/100 au haraka zaidi, ili fremu ziwe kali na programu iwe na kitu cha kushika. Mpiga picha anasema 1/50 kwa fremu 25 ndiyo inayoupa mwendo sura ambayo macho yameizoea, na kwamba mikono ya fundi ikipigwa kwa 1/100 huonekana inakatikakatika. Wote wana hoja. Walipofikia ni hapa: 1/100 kwa matembezi na kwa lenzi ya milimita 100, 1/50 kwa mahojiano, na ISO (kiwango cha kamera kuitikia mwanga) iongezwe maradufu pale shata inapopandishwa, kwa kuwa mwanga unaoingia hupungua nusu. Chembechembe zitakazoongezeka kwenye picha ni kazi ya mhariri kuzipunguza, naye amekubali, ilimradi azipokee klipu zikiwa na karatasi inayotaja shata na lenzi ya kila moja.